Hesabu mito kwanza: Kitale hadi Bungoma kwa baiskeli

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu mita 1,400. Ukiziangalia namba hizo mbili peke yake, utadhani safari nzima ni mteremko. Mimi nilidhani hivyo mara ya kwanza. Nilifika Kimilili mapaja yakiwaka moto, na safari ilikuwa bado ndefu.

Hapo Kimilili nilisimama kwa fundi mmoja mzee anizibie pancha. Alizamisha tyubu ndani ya karai la maji, akaizungusha polepole mpaka viputo vikatokea, akaweka kidole palepale asipapoteze. Akapafuta kwa pindo la shati, akapakwaruza, akapaka gundi, akasubiri ikauke. Akiwa anasubiri akaniuliza, "Kijana, umetoka Kitale. Umevuka mito mingapi?" Sikuwa nimehesabu hata mmoja. "Basi anza kuhesabu kutoka hapa, utajua kwa nini umechoka."

Swali lake ndilo ninaloanza nalo siku hizi kila ninapopanga njia hii. Mlima Elgon ni volkano iliyozimika, na maji yake hushuka pande zote kama spoki zinavyotoka kwenye habu. Kamukuywa, Kibisi na Kuywa ni mito ya mlima huo, yote inateremkia Nzoia, na Nzoia inamwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Mwendesha baiskeli anayeambaa na mlima kutoka Kitale hadi Bungoma anazikata spoki hizo moja baada ya nyingine. Kila mto una mteremko wa kwenda darajani, na kila daraja lina kilima cha kutokea.

Kwa hiyo jambo la kuamua ni utapita umbali gani kutoka kwenye habu. Ukifika mjini Kamukuywa njia zinagawanyika. Ya chini inapita Kimilili na Chwele, kisha inaingia Bungoma. Ya juu inapanda Kaptama, Kapsokwony na Kopsiro, halafu inateremka upande wa Namwela na Sirisia. Karibu na habu spoki zimebanana: vijito ni vingi na mabonde yana kina kirefu. Huku chini vijito vimeshaungana, mito ni michache na mabonde yamepanuka. Ndiyo maana kilomita 20 za upande wa Kapsokwony haziwezi kulinganishwa na kilomita 20 za upande wa Chwele, ingawa kwenye karatasi ni urefu uleule.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua ramani ya kipimo cha 1:50,000, ile ambayo sentimita 1 ni mita 500 ardhini, ufuate njia yako kwa penseli. Kila mahali inapokata mstari wa buluu, soma mistari ya kimo: daraja liko mita ngapi, na mgongo wa kilima kinachofuata uko mita ngapi. Tofauti yake iandike pembeni. Tuseme, kwa mfano tu, umepata mabonde 12 ya mita 60 kila moja. Hizo ni mita 720 za kupanda, katika safari inayoishia chini kuliko ilikoanzia. Mimi hupanda takriban mita 400 kwa saa nikiwa na mzigo mdogo, kwa hiyo vilima peke yake vitanila karibu saa mbili. Pima mwendo wako mwenyewe kwenye kilima cha nyumbani kabla ya kuazima hesabu yangu.

Gia nazo zinahesabika. Meno 32 mbele na 46 nyuma, kwenye gurudumu lenye mzingo wa mita 2.3, yanakusogeza mita 1.6 kwa kila mzunguko wa pedali. Baiskeli ya Black Mamba, yenye gia moja, husogea karibu mita 5. Ndiyo maana wenye Black Mamba hushuka wakasukuma kilimani. Wanaijua baiskeli yao vizuri, wala hakuna aibu yoyote katika kusukuma.

Mvua ya huku hupenda mchana. Asubuhi mlima huonekana wazi, kufikia saa nane mawingu yameufunika, na udongo mwekundu ukilowa hushika tairi mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Chagua kati ya Desemba na Februari, uondoke Kitale saa kumi na mbili asubuhi. Ukifika Kamukuywa, waulize wa bodaboda habari za madaraja na matope, kwa maana wao ndio waliopita jana. Habari za vilima usiwaulize, wao wanapandishwa na injini.

Mwenye siku moja apite Kimilili na Chwele. Anayetaka njia ya juu atenge siku mbili, alale Kapsokwony, na abebe tyubu ya akiba, pampu, viraka na gundi.