Nani Aisomaye Sheria? Spooner, Phillips na Katiba ya Marekani

Kazi ya mchungaji ni kufafanua andiko. Kwa sababu hiyo yatupasa kuutazama kwa makini ubishi wa wanasheria wawili wa Massachusetts, Marekani, ambao wote walikuwa maadui wa utumwa. Mwaka 1845 Lysander Spooner alitoa kitabu chake The Unconstitutionality of Slavery, akidai kwamba Katiba ya 1787 haikuuhalalisha utumwa. Mwaka 1847 Wendell Phillips alimjibu kwa maandishi, akishikilia kwamba Katiba hiyo ilikuwa mapatano na wenye watumwa. Swali lililo mbele yetu ni hili: je, nia njema yampa mfafanuzi ruhusa ya kulisemesha andiko?

Spooner aanza na jambo la kweli: neno "mtumwa" halimo katika Katiba ile. Kisha aitumia kanuni iliyotamkwa na Jaji Mkuu John Marshall mwaka 1805, kwamba sheria haidhaniwi kuvunja haki mpaka iseme hivyo waziwazi. Kwake yeye, yafungayo ni maneno yaliyoandikwa, wala si nia iliyofichwa mioyoni mwa watungaji.

Phillips aenda kwenye kumbukumbu za James Madison juu ya mkutano wa 1787, zilizochapishwa mwaka 1840. Humo yaonekana wazi jinsi watungaji walivyopatana: watumwa wahesabiwe kwa sehemu tatu za tano katika kugawa viti vya wabunge, biashara ya kuwaingiza isikatazwe kabla ya 1808, na watorokao warudishwe. Jaji aliyeapa kuitii sheria hiyo, asema Phillips, asiigeuze kwa hila, na ajiuzulu. Yeye mwenyewe aliuacha uwakili kwa ajili ya kiapo hicho.

Kwa habari ya historia, twaona Phillips ameshinda. Lakini mtumwa asimamaye kizimbani atasaidiwaje na wakili aliyekwisha kuondoka? Hapa Spooner ana uzito wake. Frederick Douglass, aliyeonja utumwa kwa mwili wake, aliiacha kambi ya Phillips mwaka 1851, akakubali kuisoma Katiba kwa upande wa uhuru. Ushuhuda wa namna hiyo haupuuzwi.

Hata hivyo Spooner aliiamini mno nguvu ya hoja. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, mahakama ya Jaji Mkuu Roger Taney iliisoma Katiba ile ile, ikaamua kwamba mtu mweusi wa asili ya Afrika hawezi kuwa raia wa Marekani. Andiko halijisomi lenyewe. Ilibidi vita vipiganwe, na Marekebisho ya 13 yaandikwe mwaka 1865, ndipo utumwa ukakomeshwa. Na hata hapo aliyehukumiwa kwa kosa aliachwa nje ya ulinzi huo. Katika majimbo ya kusini wafungwa, wengi wao weusi, walikodishwa mashambani na migodini.

Sisi Walutheri twafundisha kwamba matumizi ya kwanza ya Sheria ni kuwa hatamu ya uovu. Hatamu haiumbi moyo mpya. Hiyo ni kazi ya Injili. Lakini apigwaye hapaswi kungoja mpaka moyo wa mpigaji uongoke. Kwa hiyo kanisa lisiidharau kazi ya wakili, wala lisidhani kwamba sheria ikiisha kuandikwa kazi imekwisha.

Nasi tusomapo Waraka kwa Filemoni twakutana na vishawishi hivyo viwili: kudai kwamba Paulo aliuharamisha utumwa waziwazi, au kuufunga Waraka na kuuacha. Mfafanuzi mwaminifu aukiri ukimya wa andiko, kisha aulize udugu katika Kristo wamdai nini bwana wa Onesimo. Afichaye ukimya huo ili ashinde hoja amempa mpinzani wake silaha. Na atakayeumia ni yule mnyonge aliyekusudiwa kutetewa.