Yanga Bila Mayele, na Somo Lililo Mezani kwa Dodoma Jiji

Dirisha la usajili likifunguliwa, kwenye vijiwe vya Buigiri, Chamwino na Ihumwa swali huwa moja: Dodoma Jiji inamleta straika gani? Walima Zabibu wamo Ligi Kuu tangu mwaka 2020. Katika timu tatu zilizopanda mwaka huo, Gwambina na Ihefu zilishuka msimu uleule, wao wakabaki, na wamebaki misimu mingine iliyofuata. Lakini wamebaki kwa kupambana, na kila mwaka kiu ya mashabiki inaishia palepale, kwa mtu wa kufunga.

Nadhani tunaanza na swali la pili kabla ya la kwanza. Namba tisa ana kazi kadhaa ndani ya mchezo, na kufunga ni mojawapo tu. Kabla ya kutaja jina la mchezaji, klabu inapaswa kujua ni kazi ipi hasa haifanyiki, na kama kikosini yupo tayari mtu wa kuifanya. Hapa Tanzania tunao mfano wa karibu wa klabu iliyoanza na swali hilo, ikafanikiwa kwa kiasi kikubwa, kisha ikaonyeshwa mahali dawa yake ilipoishia. Ni Yanga ya msimu wa 2023/24.

Hali ilivyokuwa katikati ya mwaka 2023 inafaa kukumbushwa, kwa sababu leo inaonekana kana kwamba yote yalikuwa mepesi. Yanga ilikuwa imetoka kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger: ikafungwa 2-1 Dar es Salaam, ikashinda 1-0 Algiers, ikalikosa kombe kwa mabao ya ugenini. Fiston Mayele alikuwa mfungaji bora wa mashindano hayo kwa mabao 7, na kwenye ligi alimaliza na 17 sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba. Ndani ya wiki chache kocha Nasreddine Nabi akaondoka, Mayele akaenda Pyramids ya Misri, Yannick Bangala akaenda Azam, Djuma Shaban na Bernard Morrison nao wakatoka. Mgogoro mrefu wa Feisal Salum ukaisha kwa yeye pia kutua Azam. Timu iliyokuwa imeshika Afrika kwa mikono miwili ilipoteza kocha na uti wa mgongo kwa mara moja.

Sasa tutazame Mayele alikuwa akifanya nini uwanjani. Kazi ya kwanza ni ile iliyoonekana na wote, kumalizia. Ya pili ni kukimbia nyuma ya mabeki, hata mpira usipokuja, ili safu yao irudi na kiungo cha Yanga kipate nafasi ya kupumua. Ya tatu ni kupokea mipira mirefu akiwa amelipa mgongo goli la wapinzani, kuituliza na kuwasubiri wenzake wafike. Ya nne ni kuanzisha ukabaji pale beki wa kati wa wapinzani anapopewa mpira na kipa wake. Nje ya kufunga, karibu yote haya humpita msikilizaji wa redio, na hata mtazamaji wa televisheni huyaona nusu, kwa sababu mtangazaji na kamera wote wawili hufuata mpira. Ndiyo maana straika akiondoka tunahesabu mabao yaliyoondoka naye, tunasahau mengine.

Miguel Gamondi, Muargentina aliyefundisha Afrika kwa miaka mingi, alipopewa timu hakuletewa Mayele mwingine. Straika aliyesajiliwa, Hafiz Konkoni kutoka Bechem United ya Ghana, hakuwa na mwendo ule, na ilipofika Januari alikuwa ameshaondoka. Usajili uliobeba msimu ulikuwa wa nafasi nyingine kabisa: Pacôme Zouzoua, kiungo mshambuliaji, na Yao Kouassi, beki wa kulia, wote kutoka ASEC Mimosas ya Abidjan, pamoja na Maxi Nzengeli kutoka Maniema Union ya Kongo. Ukiyasoma majina hayo kwa haraka unaweza kusema Yanga ilikosea mahitaji yake. Imeondokewa na mfungaji, inanunua beki na viungo!

Kilichofanyika ni kuzigawa kazi za Mayele. Kukimbia nyuma ya mabeki walipewa Kennedy Musonda na kijana Clement Mzize, mara nyingi wakipokezana ndani ya mechi moja, ili miguu iliyoko mbele isichoke. Hakuna aliyewadai mabao 17. Walidaiwa kuwahangaisha mabeki wa kati mpaka nafasi ipatikane nyuma yao au mbele yao.

Kazi ya kupokea mpira mrefu karibu ifutwe kabisa. Badala ya kupiga mbele na kumtafuta mtu wa kuutuliza, kipa Djigui Diarra alianza na pasi fupi kwa mabeki Dickson Job au Ibrahim Bacca, mpira ukaenda kwa kiungo Khalid Aucho, na kutoka kwake ukamkuta Pacôme katikati ya mistari miwili ya wapinzani. Pacôme ana kipaji ambacho hakipewi uzito wake tunapozungumzia usajili: anapokea mpira akiwa tayari amegeuka. Mayele alikuwa anahitaji sekunde mbili tatu kuutuliza mpira na kusubiri msaada. Kwa Pacôme msaada ulikuwa umeshaanza kukimbia kabla pasi haijamfikia.

Kumalizia ndiko kulikogawanywa zaidi. Stephane Aziz Ki alihamia karibu na boksi, na mguu wake wa kushoto ukawa silaha kutoka nje ya eneo la hatari, kwenye mipira ya kutenga na kwenye penalti. Maxi alianzia pembeni akaingia ndani. Mudathir Yahya, ambaye wengi walikuwa wakimhesabu kama kiungo wa kazi ngumu, akawa mtu wa kufika kwenye boksi kwa kuchelewa, wakati mabeki wameshamchukua Musonda na Aziz Ki. Nchi nzima ikazoea kumwona akishangilia kwa ishara ya kupiga simu. Upana wa uwanja ukaachiwa Yao kulia na Joyce Lomalisa kushoto. Hapa ndipo usajili wa beki wa kulia unapopata maana yake. Maxi asingeweza kuingia ndani kama nyuma yake hakuna mtu wa kukimbia pembeni dakika 90.

Ushahidi ulikuja mapema. Mechi ya kwanza ya ligi dhidi ya KMC iliisha 5-0 na kila bao lilikuwa na mfungaji wake. Novemba 5, 2023 ikaja 5-1 dhidi ya Simba. Musonda alifungua dakika za mwanzo, Kibu Denis akasawazisha, timu zikaenda mapumziko 1-1. Kipindi cha pili mabao yote manne yalifungwa na watu wanaoanzia nyuma ya straika: Maxi mawili, Aziz Ki moja, Pacôme moja kwa penalti. Februari 2024, Yanga ikihitaji ushindi mkubwa mbele ya CR Belouizdad ya Algeria ili itoke kwenye kundi la Ligi ya Mabingwa, hatua ya makundi ambayo haikuwa imeifikia tangu 1998, ilishinda 4-0. Wafungaji walikuwa Mudathir, Aziz Ki, Musonda na Joseph Guede, straika aliyekuja dirisha dogo. Beki wa Belouizdad aliyepewa kazi ya kumkaba mfungaji wa Yanga asingejua amkabe nani.

Kwenye hesabu ya msimu mzima, Yanga ilifunga mabao 61 ikiwa na Mayele na 71 bila yeye. Pointi zikatoka 78 hadi 80, na Aziz Ki akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21.

Lakini mfumo huu una gharama, na ni lazima isemwe. Unapowaruhusu mabeki wote wa pembeni wapande, Aucho anabaki peke yake mbele ya mabeki wawili, na timu inayopora mpira na kushambulia haraka inakuta uwanja wazi. Ihefu iliifunga Yanga 2-1 Oktoba 2023, Azam nayo 2-1 Machi 2024. Gharama kubwa zaidi ilikuja robo fainali dhidi ya Mamelodi Sundowns: 0-0 Dar es Salaam, 0-0 Pretoria, na kutolewa kwa penalti. Shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba na kudunda langoni litaendelea kubishaniwa, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini lilivuka mstari. Hata hivyo mchambuzi hawezi kuegemea kwenye bao moja lililokataliwa. Mechi ya kwanza Yanga ilicheza bila Pacôme, Aucho na Yao kwa sababu ya majeraha. Mfumo uliogawa kazi ya mtu mmoja kwa watano ulipokosa watatu kwa pamoja, mabao yalikauka. Wakati kama huo ndipo straika anayeweza kutengeneza bao peke yake anapohitajika, na uongozi uliliona hilo: dirisha kubwa lililofuata ukamchukua Prince Dube kutoka Azam.

Simba ya msimu huohuo ilienda njia nyingine. Baada ya ile 5-1 ikamwondoa kocha Roberto Oliveira, ikamleta Abdelhak Benchikha, na dirisha dogo likiwa wazi ikaachana na Moses Phiri na Jean Baleke, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza kwa mabao kikosini. Wakaja Pa Omar Jobe na Freddy Koublan. Straika kwa straika, katikati ya msimu, chini ya kocha mgeni ambaye naye aliondoka Aprili na kumwachia Juma Mgunda. Mabao ya ligi yakashuka kutoka 75 ya msimu uliotangulia hadi 59, na timu ikamaliza ya tatu.

Hadithi inayopaswa kutusumbua sisi wa Dodoma ni ya Geita Gold, maana nayo ni timu ya halmashauri. Msimu wa 2021/22 George Mpole alifunga mabao 17, akampita Mayele mwenye 16, na Geita ikamaliza nafasi ya nne, ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Msimu uliofuata Mpole akaenda FC Lupopo ya Lubumbashi. Mwaka 2024 Geita ikashuka daraja. Sisemi kuondoka kwa mtu mmoja ndiko kulikoishusha timu. Kushuka daraja kuna sababu nyingi. Ila mchezo uliojengwa juu ya mguu wa mtu mmoja ulikuwa umeondoka naye, na haukurudi.

Dodoma Jiji, timu ya Halmashauri ya Jiji, haina fedha za Yanga, na hakuna anayeitarajia imlete Pacôme. Inachoweza kuiga ni utaratibu wa kufikiri. Kwanza ni kocha. Tangu Mbwana Makata aliyeipandisha, benchi limepitiwa na Masoud Djuma, Melis Medo, Francis Baraza na Mecky Maxime, wote ndani ya miaka mitano. Kila mmoja alikuja na mpira wake. Straika aliyesajiliwa kwa ajili ya kocha wa mipira mirefu anamkuta kocha wa pasi fupi, anakaa benchi, kijiweni tunasema hajui kufunga. Gamondi aliweza kugawa kazi kwa sababu alipewa dirisha kubwa na maandalizi ya msimu kabla ya mechi ya kwanza. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1, majira yaleyale ya dirisha kubwa. Ni bahati ya kalenda ambayo klabu binafsi haina, na inamaanisha mipango ya usajili iandaliwe pamoja na bajeti, kocha akiwepo, kuliko kusubiri Desemba kuziba matundu kwa fedha iliyokwisha kugawanywa.

La pili ni ukubwa wa kikosi. Februari 2025 basi la timu lilipata ajali mkoani Lindi likitokea Ruangwa kwenye mechi ya Namungo. Wachezaji waliumia, mchezo na Simba ukasogezwa. Ulipochezwa Machi, ikawa 6-0. Vijana wale walistahili pole kuliko lawama, na nilisikitika kuona matokeo yale yakijadiliwa kana kwamba wiki zilizotangulia hazikuwapo. Kwa jicho la ufundi yalionyesha kuwa nyuma ya kumi na moja wa kwanza hapakuwa na watu wa kutosha wa kushika kazi zilezile. Straika mpya, hata angekuwa mzuri namna gani, asingezuia lolote kati ya mabao yale sita.

La tatu linahusu Uwanja wa Jamhuri wenyewe. Msimu unaanza wakati upepo wa Dodoma bado una nguvu, na mpira mrefu unaopigwa juu kumtafuta mtu mmoja mbele unayumba, unampendelea beki anayeutazama ukija. Pasi za chini, beki wa pembeni anayepanda, na kiungo anayechelewa kufika kwenye boksi vinafaa mazingira haya, na wachezaji wa aina hiyo bei yao ni ndogo kuliko ya mfungaji aliyethibitika. Wapo kwenye Ligi ya Championship, na wapo vijana wa chini ya miaka 20. Mzize alitokea timu ya vijana. Mudathir alikuwa mchezaji wa kawaida machoni pa wengi mpaka alipopewa kazi ya kufika golini.

Kwa hiyo ripoti ya benchi la ufundi itakapofika mezani mwishoni mwa msimu, ningependa kuona beki wa kushoto anayeweza kupiga krosi akishika nafasi ya kwanza kwenye orodha, kiungo wa kupenya akifuata, na straika awe wa tatu, akiandikiwa kabisa kazi anayotakiwa kuifanya.