Marjorie Rawlings na Jiko la Cross Creek

Marjorie Kinnan Rawlings hakuzaliwa katika nchi aliyoiandika. Alizaliwa Washington mwaka 1896, akasoma katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, akaolewa na Charles Rawlings, akafanya kazi ya magazeti katika miji ya Marekani. Hadithi alizotunga katika miaka hiyo zilirudishwa na wahariri moja baada ya moja. Mwaka 1928 yeye na mumewe walinunua shamba la michungwa la ekari 72 mahali paitwapo Cross Creek, katika jimbo la Florida, kwenye kijito kinachounganisha maziwa mawili. Mume hakuyapenda maisha ya huko, na ndoa ikavunjika mwaka 1933. Mke akabaki na michungwa yake, ng'ombe wake na jiko lake la kuni.

Nalitaja jiko kwa makusudi. Mwandishi huyu alitunga riwaya zilizosifiwa, na tena aliandika kitabu cha upishi, na watu aghalabu huvitenga vitabu hivyo: riwaya huwekwa katika rafu ya fasihi, na kitabu cha upishi hupelekwa jikoni, kana kwamba vimeandikwa na watu wawili. Mimi naona kwamba nguvu ya riwaya zake yatoka katika chakula, na kwamba kasoro yake kubwa yaonekana pale pale.

Majirani aliowakuta walikuwa wa namna mbili. Walikuwapo Wazungu maskini, waitwao Crackers, waliolima mahindi kidogo katika mchanga, wakavua samaki, wakawinda, na wengine wakapika pombe kali vichakani kwa siri. Walikuwapo pia watu weusi, wajukuu wa waliokuwa watumwa, waliofanya kazi za kibarua katika mashamba ya machungwa na za utumishi katika nyumba za wenye mashamba. Mwaka 1930 jirani mmoja, Zelma Cason, alimchukua mgeni huyu wakazunguka pamoja juu ya farasi kuhesabu watu kwa ajili ya serikali. Baadaye mwandishi alikwenda kukaa kwa majuma kadhaa na mama mmoja mzee na mwanawe katika nyika ya misonobari na mialoni mifupi, akijifunza kutega, kuvua na kusema kama wenyeji.

Mhariri wake katika kampuni ya Scribner's alikuwa Maxwell Perkins, yule yule aliyewahariri Hemingway na Fitzgerald. Perkins aliona upesi jambo ambalo mwandishi mwenyewe hakuliona: barua alizokuwa akimwandikia kuhusu majirani zake zilikuwa bora kuliko hadithi alizojitahidi kuzitunga. Akamshauri aandike hayo ya barua. Ndipo ikatokea riwaya ya kwanza, South Moon Under, mwaka 1933, nayo ni nzuri. Ya pili, Golden Apples ya mwaka 1935, yahusu Mwingereza aliyepelekwa Florida, nayo ni dhaifu, twaweza kuipita. Perkins ndiye pia aliyemwambia aandike kitabu juu ya mtoto wa nyikani. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1938 kwa jina The Yearling, maana yake mnyama aliyetimiza mwaka, na mwaka 1939 kikapata tuzo ya Pulitzer.

Wengi husema kwamba The Yearling ni hadithi ya mtoto aliyempenda kulungu. Si uongo, lakini ni nusu ya kweli. Kitabu chaanza na mvulana Jody Baxter akiacha jembe katika shamba la mahindi na kukimbilia kijitoni kucheza. Msomaji asiyekuwa mwangalifu atayasahau mahindi yale, maana yupo dubu mharibifu wa kuwindwa, wapo majirani wenye vurugu, ipo mvua ya mafuriko, na yupo nyoka mwenye njuga mkiani anayemwuma Penny, babake Jody. Penny anamwua kulungu jike ili atumie ini lake kuvuta sumu. Na mtoto wa kulungu yule ndiye Jody anayeomba kumlea. Jina lake ni Flag.

Lakini mwandishi hayasahau mahindi. Katika kila sura tunaambiwa ni nini kilichomo ghalani, nyama kiasi gani imekaushwa kwa moshi, mafuriko yameharibu nini, na kimebaki chakula cha siku ngapi. Mama ya Jody, Ora, huonekana mkali na mwenye uchoyo. Hamtaki kulungu nyumbani wala hapendi mtoto amgawie chakula chake. Msomaji humchukia, na mwandishi humwacha amchukie kwa muda mrefu. Kisha Flag akua. Anaiharibu miche ya tumbaku. Halafu anayala mahindi yaliyochipua. Penny ameumia na hawezi kusimama shambani. Jody anapanda upya kwa mikono yake, anajenga ua mrefu kwa taabu nyingi, na mnyama anauruka kama si kitu. Aliyewahi kulinda shamba usiku dhidi ya nguruwe na nyani hahitaji kuelezwa jambo hilo. Baba anatoa amri mnyama apigwe risasi. Mtoto hawezi. Mama anapiga, anamjeruhi tu, na Jody analazimika kuimaliza kazi mwenyewe.

Mwandishi mdogo angelikomesha hadithi hapo, kwa machozi. Rawlings anaendelea, na sura zinazofuata ndizo zinazonifanya nikiheshimu kitabu hiki. Jody anatoroka kwa hasira, anaingia katika mtumbwi, anateremka mtoni bila chakula. Siku zinapita. Njaa inamshika, si njaa ya kuchelewa kula, bali ile inayomtia mtu kizunguzungu na kumlaza. Hapo ndipo anapofahamu maana ya maneno ya mamake yote. Ora hakuwa mchoyo: alikuwa mtu aliyewahi kuiona njaa, akiishi na mtoto asiyeijua. Mwandishi hatoi hotuba juu ya jambo hili. Ameuacha mwili wa mtoto utufundishe, nasi twalazimika kurudi nyuma na kumhukumu upya yule mama tuliyemchukia kwa kurasa mia tatu.

Mwaka 1942 alitoa Cross Creek, habari za maisha yake mwenyewe katika shamba lile. Ndani yake mna sura moja ndefu juu ya chakula, na sura hiyo iliwasumbua wasomaji kwa hamu. Ulikuwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Askari waliokipata kitabu kambini walimwandikia, wakilalamika kwamba amewatia njaa. Wengine waliomba wajue jinsi ya kuvipika vyakula vile. Basi mwaka ule ule akatoa Cross Creek Cookery.

Ni kitabu cha upishi kinachosomeka hata na asiyepika. Kila chakula kina habari yake: ni nani aliyekipika, kililiwa wapi, mvua ilinyeshaje siku ile. Mna mkia wa mamba, mna kasa wa ziwani, mna unga wa mahindi uliokandwa na kukaangwa pamoja na samaki, mna kiini cha mti wa jamii ya mnazi kinachopikwa kama kabichi, ambacho mtu akikikata mti wenyewe hufa. Malai yametoka kwa ng'ombe wake, Dora, naye mwandishi hayabanii. Lakini humu tumeketi katika meza nyingine. Ni meza ya mwenye shamba, yenye wageni na sahani nzuri, na ile hesabu ya ghala iliyoitia uhai The Yearling haimo. Kitabu chapendeza sana. Hakina njaa, kwa hiyo hakina uzito wa riwaya.

Tena kuna swali la mikono. Tangu mwaka 1940 mpishi wake alikuwa Idella Parker, mwanamke mweusi mzaliwa wa Florida, aliyemtumikia kwa sehemu kubwa ya miaka kumi. Mwaka 1992, mwandishi akiwa amekwisha kufa zamani, Idella alitoa kitabu chake mwenyewe juu ya maisha yale. Anaeleza humo kwamba mapishi mengi yaliyomo katika Cross Creek Cookery yalikuwa yake, yakajaribiwa na kupikwa kwa mikono yake, lakini jina lake lilitajwa katika matatu tu, mojawapo ikiwa mikate midogo ya kuoka. Malipo yake yalikuwa nakala moja ya kitabu, yenye sahihi ya mwandishi. Haandiki kwa chuki. Anamsifu bibi yake kwa ukarimu, na kusimulia ulevi wake na upweke wake kwa huruma. Kwa sababu hiyo ushahidi wake una nguvu.

Idella anasimulia pia ziara ya Zora Neale Hurston, mwandishi mweusi wa Florida aliyekwisha kutunga Their Eyes Were Watching God mwaka 1937. Wanawake hawa wawili walipendana, wakazungumza na kucheka mchana kutwa barazani. Ulipofika usiku, Hurston hakulazwa katika nyumba kubwa yenye vyumba. Alipelekwa kulala katika nyumba ya watumishi pamoja na Idella. Katika Cross Creek kwenyewe mna maneno juu ya watu weusi ambayo msomaji wa leo hawezi kuyapita bila kukunja uso: mwandishi aliyewasikiliza Crackers mmoja mmoja anawasema weusi kwa jumla, kana kwamba wote ni mtu mmoja. Nadhani hili ni kosa la sanaa pamoja na kuwa kosa la utu, maana nguvu yake yote ilikuwa katika kutazama mtu mmoja na sahani yake.

Hata Crackers hawakuridhika wote. Mwaka 1943 Zelma Cason, yule wa safari ya farasi, alimshtaki mahakamani kwa kumwandika katika Cross Creek bila idhini, akidai dola 100,000. Kesi ilisikilizwa Gainesville mwaka 1946, na wazee wa baraza wakampa mwandishi ushindi. Mwaka 1947 Mahakama Kuu ya Florida ikageuza hukumu: Zelma alipewa dola moja na gharama za kesi. Dola moja ni kitu kidogo, lakini kesi ilikula miaka minne ya mwandishi. Riwaya yake ya mwisho, The Sojourner ya mwaka 1953, si ya Florida. Yahusu wakulima wa kaskazini, nayo imeandikwa kwa juhudi nyingi na uhai mchache. Alifariki mwezi Desemba mwaka ule ule.

Baada ya kifo chake, mwaka 1955, kilitoka kitabu kidogo cha watoto, The Secret River. Kisa chake ni cha msichana Calpurnia. Wakati wa shida umefika. Baba yake hana samaki wa kuuza, na watu wa msituni wana njaa. Msichana anautafuta mto wa siri, anavua kambare wengi, na njiani anawagawia bundi na dubu walio na njaa kama yeye. Samaki waliobaki wanauzwa kwa mkopo; watu wanakula, wanapata nguvu, wanakwenda kufanya kazi, wanarudi kulipa. Hapa mwandishi amerudi katika hesabu yake ya zamani, ya chakula na siku zilizobaki, na kila sentensi imesimama imara.

Mwandishi hakusema popote katika maneno yake kama Calpurnia ni mweusi au mweupe. Wachapaji wa mwaka 1955 hawakutaka kuamua, wakakichapa kitabu juu ya karatasi ya rangi ya kahawia. Kilipotolewa upya mwaka 2011, kwa picha za Leo na Diane Dillon, Calpurnia alichorwa kuwa mtoto mweusi.