Uzi Usioonekana

Msichana wa miaka 5 ameketi mapajani pa nyanya yake, kidevu juu. Katikati ya shingo ana uvimbe wa duara, kama banu, zile gololi wanazocheza watoto wa mtaa wa Umoja, na juu yake kovu la mkato.

"Walisema ni jipu," anaeleza shosho, muuza mboga wa soko la Mutindwa. "Wakapasua, usaha ukatoka, likakauka. Miezi mitatu, limerudi."

Daktari wa upasuaji wa watoto hana haraka ya kugusa. Anasugua viganja mpaka vipate joto, ndipo anaweka vidole viwili. "Meza mate, mamangu." Uvimbe unapanda, unashuka. "Sasa nionyeshe ulimi, wote." Unapanda tena. Jibu lipo hapo. Uvimbe wa tezi ya thiroidi hupanda mtu akimeza. Huu hupanda hata ulimi ukitolewa, kwa kuwa umefungwa nao.

Mimba ikiwa changa, tezi hiyo huota kwenye shina la ulimi, kisha huteremka mbele ya shingo hadi kwake chini ya koo. Hupita ikiacha njia nyembamba kama uzi, ambayo kwa kawaida hutoweka kabla mtoto hajazaliwa. Kipande kikisalia, hujaa ute na kuwa kifuko.

Nilidhani sasa ni kisu. Kumbe kwanza dawa ya kutuliza maambukizi, wiki kadhaa za kungoja, halafu ultrasaundi. Na kwenye skrini daktari hakishughulikii kifuko kwanza, anaitafuta tezi. Kuna watoto wachache ambao tezi yao haikuteremka: uvimbe ndio tezi yenyewe, wala hawana nyingine. Ukiutoa, umewamalizia. Anasogeza kifaa polepole mpaka mabawa mawili ya kijivu yanajitokeza kandokando ya bomba la hewa. Ndipo anaandika tarehe ya thieta.

Siku hiyo nilisimama pembeni, nimeambiwa nisiguse chochote. Mto mdogo chini ya mabega ya mtoto, shingo ikanyooka. Kwa kalamu akachora mstari kwenye kunyanzi la ngozi, ukalizunguka lile kovu kama jani. Kisu kikafuata wino. Kisha mkasi uliopinda, koleo nyembamba, na ncha ya umeme inayochoma mishipa midogo kabla haijatoa damu. Misuli ikatenganishwa katikati bila kukatwa. Kifuko kikaonekana, cha kibuluu. Hakukivuta.

Sababu ni hii: mwaka 1920 Walter Sistrunk, mpasuaji wa Mayo Clinic kule Marekani, alichapisha mbinu ambayo bado inafuatwa. Zamani walikitoa kifuko peke yake, na katika hesabu nyingine uvimbe ulirudi kwa nusu ya wagonjwa. Njia ile ya tezi hupita karibu sana na haiodi, kifupa kinachoshikilia ulimi, na huchipua vitawi visivyoonekana kwa macho. Sistrunk akaona: toa kifuko, toa na kipande cha kati cha kifupa hicho, kisha chimba nyama kuelekea shina la ulimi. Wanaorudiwa siku hizi ni chini ya 10 katika kila 100. Shosho alipoelezwa alisema neno moja tu: ndago. Aliyelima anajua, ndago haikatwi, huchimbwa na udongo wake.

Daktari akaisafisha haiodi, akaikata kulia, akaikata kushoto, bila kwenda mbali pembeni, kwa sababu huko inapita neva ya kuusogeza ulimi. Kipande kilitimu sentimita moja hivi. Mtaalamu wa usingizi akatia kidole kinywani mwa mtoto, akalisukuma shina la ulimi kuja kwa mpasuaji. Mkasi ukapanda na mhimili wa nyama, hauutafuti uzi wala kuufunua. Ukifunuliwa huenda ukakatika, na kilichokatika hubaki. Karibu na kidole kile akafunga kwa uzi unaoyeyuka, akakata.

Kilichoingia kwenye chupa ya formalini, kupelekwa maabara, kilikuwa kipande kimoja: ngozi yenye kovu, kifuko, mfupa, nyama. Njia yenyewe hatukuwa tumeiona hata mara moja.

Akarudisha misuli, akashona ngozi kwa ndani. Muuguzi alikuwa ameshashika bandeji daktari alipoinama, akatazama, akazikata nyuzi mbili za mwisho ambazo hazikumridhisha, akaanza kuzishona upya.