Sangara alivyofika Ziwa Victoria

Kabla ya miaka ya 1950, sangara hakuwamo katika Ziwa Victoria. Kwao kulikuwa Ziwa Albert, Ziwa Turkana na Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison. Pale Murchison mto mzima unabanwa kwenye mwanya wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, kisha unaporomoka zaidi ya mita 40. Samaki hapandi pale. Kizuizi hicho ndicho kilichowalinda furu wa Victoria, samaki wadogo wa spishi mamia kadhaa, wengi wao wasiopatikana kwingine duniani.

Sangara alivuka kwa kubebwa. Maofisa wa uvuvi wa serikali ya kikoloni waliwadharau furu kwa udogo wao, miiba yao na bei yao ya chini, wakataka sangara, samaki mkubwa wa kuwala, naye avuliwe. Watafiti wa uvuvi wa Jinja, mji wa Uganda ambapo Nile hutoka ziwani, walipinga. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer alionya kuwa mavuno hayataongezeka kwa njia hiyo, maana kila kilo ya mla samaki hugharimu kilo kadhaa za samaki anaowala. Onyo lilichelewa: Mei mwaka huohuo sangara alinaswa upande wa Uganda.

Ilidaiwa kwamba amepanda mwenyewe kutoka Ziwa Kyoga, lililo chini zaidi kwenye Nile, alikopandikizwa katikati ya miaka ya 1950. Siyakubali maelezo hayo. Bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954, limeziba Nile hapo Jinja. Maji hushuka kupitia mitambo na milango yake, na samaki wa kupanda angelazimika kupenya humohumo, kinyume cha mkondo unaozungusha mashine za umeme. Mwaka 2005 Robert Pringle alichapisha ushahidi wenye uzito zaidi: mtumishi wa idara ya uvuvi ya Uganda alieleza kuwa aliwamwaga sangara ziwani kwa siri, Jinja, mwaka 1954, kwa amri ya wakubwa wake. Upandikizaji wa wazi, Entebbe na Kisumu, ulifanyika mwaka 1962 na 1963, siri ikiwa haina maana tena.

Hao wa wazi walikuwa mia kadhaa tu. Wakatosha, kwani jike mmoja mkubwa hutaga mamilioni ya mayai. Hata hivyo mlipuko wa idadi ya sangara ulikuja miaka ya 1980. Baadhi ya watafiti wanadhani furu, walipokuwa wengi, walikula mayai na vifaranga vya sangara. Walipopungua, breki ikakatika. Inakadiriwa spishi zipatazo 200 za furu zilitoweka, na sangara akageukia dagaa, uduvi na hata watoto wake mwenyewe. Viwanda vya minofu vilistawi, ndiyo, lakini spishi zile hazirudishwi na fedha yoyote, na hilo linaniuma.

Sato wa sasa naye aliletwa na watu, miaka hiyohiyo ya 1950, akawabana ngege wenyeji na kuzaliana nao. Na kubeba samaki hakujakoma: leo vifaranga vya sato wa kufugwa husafirishwa kwa gari kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa maji na oksijeni, na mfuko ambao haukukaguliwa unaweza kuwa na vifaranga vya aina nyingine, vimelea na konokono, vyote vikimwagwa pamoja kwenye bwawa la mfugaji.