Nani Aliipitisha Ile GB 64?

Mlioufuatilia uzinduzi wa Surface Laptop Go, tarehe 1 Oktoba 2020, mnaikumbuka namba iliyotangulizwa mbele: dola 549. Mashine ya kilo 1.11, skrini ya inchi 12.4, Core i5 ya kizazi cha kumi, nembo ya Microsoft mgongoni. Masomo yalikuwa yamehamia majumbani kwa sababu ya Uviko, wazazi wanahangaika kutafuta kompyuta ya mtoto, na wenye Windows yao wakasema hii hapa, nyepesi na ya bei mnayoimudu. Halafu macho yakashuka hadi kwenye maandishi madogo: RAM GB 4, hifadhi GB 64, aina ya eMMC.

Sitazunguka. Mstari huo uliiua mashine iliyotengenezwa vizuri. Acer au HP ikipunja hifadhi inaweza kujitetea kwamba Windows si mali yake, haijui kesho itanenepa kiasi gani. Microsoft haina pa kujificha. Hakuna duniani anayejua kuliko wao Windows inameza nafasi kiasi gani siku ya kwanza, na itameza kiasi gani baada ya miaka miwili ya masasisho. Walijua, wakapitisha.

Niwape haki yao kwanza. Kibodi inachapa vizuri ingawa haina taa, hata kwenye toleo la bei ya juu. Padi ni laini. Skrini ya uwiano wa 3:2 inaonyesha mistari mingi ya maandishi kuliko zile pana za sinema. Kifuniko ni alumini. Kazi safi. Tumemaliza.

Turudi kwenye GB 64. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti kwa bilioni, Windows inahesabu kwa vipeo vya mbili, kwa hiyo 64 za kwenye boksi zinasomeka 59.6 ukishaiwasha. Humo ndani kuna Windows yenyewe, sehemu ya kurejeshea mfumo, na lile faili ambalo Windows hulitumia RAM ikijaa. Tangu toleo la 1903 la mwaka 2019, mashine mpya hujitengea pia yapata GB 7 ili masasisho yasikwame. Weka Office. Weka Zoom na Teams, maana tunazungumzia mwanafunzi wa mwaka 2020. Kinachobaki ndicho chako, na hata hicho ni cha kuazimwa: wakati ule Windows 10 ilikuwa na masasisho makubwa mawili kwa mwaka, na likiingia lile linalobadilisha mfumo mzima, mfumo wa zamani unabaki umekalia diski kwa siku kumi, endapo utataka kurudi nyuma.

Walikuwapo waliotetea kwamba GB 64 zinamtosha mtu wa barua pepe na brauza. Utetezi huo unatazama ukubwa, unasahau aina. Njia ya data ya eMMC 5.1 ina kikomo cha megabaiti 400 kwa sekunde, tena ni njia ya zamu: ikisoma haiandiki, ikiandika haisomi. SSD nzuri ya NVMe ya kipindi kile kile ilikuwa inavuka megabaiti 3,000, inasoma na kuandika kwa pamoja, na inapokea amri kwa foleni nyingi sambamba. Hao wawili hawachezi ligi moja.

Sasa iunganishe na RAM ya GB 4. Chipu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Inachota humo humo kwenye GB 4. Windows nayo inachukua fungu lake. Fungua brauza yenye tabo kumi, ongeza somo la Zoom, RAM imejaa. Ikijaa, Windows inaanza kuhamishia mzigo kwenye hifadhi. Hifadhi ipi? Ile ile ya zamu. Na kama wakati huo huo kuna sasisho linashuka au kinga ya virusi inakagua mafaili, wote wanapanga foleni kwenye mlango mmoja. Kasoro mbili ambazo kila moja peke yake ingevumilika zinalishana. Mashine inaganda, mwanafunzi anapapasa padi, mwalimu ameshahamia mada nyingine.

Na hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Core i5-1035G1 yenye viini vinne iliwekwa kwenye matoleo yote, hata la chini kabisa. Wangeweza kushuka hadi i3, fedha iliyookolewa ikaenda kwenye RAM na SSD, na mtumiaji wa kila siku asingeona tofauti ya prosesa hata kidogo. Lakini i5 inasomeka vizuri kwenye bango. Ni sawa na kumnunulia fundi wa nguo cherehani ya umeme, kisha kumpa meza isiyoenea hata leso moja.

Kilichonishinda kabisa ni suala la kadi. Surface Go, tableti ndogo ya familia hiyo hiyo iliyotoka mwaka 2018, nayo ilianza na GB 64 za eMMC, kwa dola 399. Lakini ilikuwa na tundu la microSD. Laptop Go ikaja baadaye, kubwa zaidi na ghali zaidi, tundu likaondolewa. USB-C moja, USB-A moja, la earphone, na lile la chaja yao ya Surface Connect. Kwenye toleo hili la GB 64 hifadhi imepigwa lehemu kwenye madabodi, RAM imepigwa lehemu, kadi haina pa kuingia. Umefungiwa pande zote. Jibu la kampuni huwa ni OneDrive, na OneDrive ni jibu zuri kwa mtu mwenye intaneti isiyokatika na isiyolipiwa kwa kipimo. Kwa sisi watu wa bando, faili lililoko mtandaoni ni faili unalolipia kulipandisha, ukalipia tena kulishusha.

Wasomaji wangu wa siku nyingi watasema huyu ameanza tena. Ndiyo, nimeanza tena, kwa sababu na wao hawajaacha. Mwaka 2009 Windows 7 Starter, toleo la netbook, zile laptop ndogo za bei ya chini, halikumruhusu mwenye mashine kubadilisha hata picha ya nyuma ya skrini, na masharti ya leseni hiyo nafuu yaliwazuia watengenezaji kuvuka GB 1 ya RAM. Mwaka 2012 ikaja Surface RT isiyoendesha programu za kawaida za Windows. Julai 2013 Microsoft ikaandika hasara ya dola milioni 900 kwa ajili yake. Mapema mwaka huo huo wa 2013 Surface Pro ya GB 64 ikaingia sokoni ikiwa na yapata GB 23 tu za mtumiaji, na makelele yake mliyasikia. Ungedhani fedheha ile iliwafundisha kitu kuhusu namba 64. Miaka saba baadaye wakairudia, tena wakaiongezea hali ya S, ambamo huwezi kuweka programu nje ya duka lao mpaka uitoe mwenyewe. Zipange hizo zote uone mwenendo mmoja: mnunuzi wa bei ya chini ni mtu wa kubanwa mpaka apande ngazi.

Ngazi yenyewe ilipangwa kwa ustadi. Kwa dola 699 unapata RAM GB 8, SSD ya GB 128, na kitambuzi cha alama ya kidole kwenye kitufe cha kuwashia. Ndiyo, hata kitambuzi hicho mtu wa 549 alinyimwa. Kwa dola 899 unapata GB 256. Yaani mashine ya kwanza inayostahili kuitwa kompyuta ilikuwa ghali kwa asilimia 27 kuliko ile iliyotangazwa. Toleo la 549 halikuwa bidhaa, lilikuwa chambo. Na wachambuzi wengi waliopima mashine hii walipima matoleo ya GB 8, wakayasifu, kisha sifa zikasafiri zikiwa zimebandikwa bei ya toleo jingine. Hilo ni kosa la fani yetu, na linarudiwa kila uzinduzi.

Msiniambie haikuwezekana kwa fedha hiyo. Mwaka huo huo Acer Swift 3, kwa takriban dola 650, ilikuwa na Ryzen 7 ya viini vinane, RAM GB 8 na SSD ya GB 512. Skrini yake ilikuwa na mwanga hafifu, na kwa sura haifui dafu mbele ya Surface. Lakini aliyeinunua alipata mashine ya kufanyia kazi, si ngazi ya kupandia.

Mashujaa wangu katika ufundi huu wa kutosheka na kidogo mnawajua. TRS-80 Model 100 ya mwaka 1983, iliyotengenezwa na Kyocera na kuuzwa na Radio Shack: skrini ya mistari minane ya herufi arubaini, betri nne za AA zilizokaa hadi saa 20, na ukiiwasha iko tayari papo hapo. Haikuwa rahisi kwa bei, lakini ilianza na kilobaiti 8 za RAM na ukaweza kuziongeza hadi 32. Waandishi wa habari walizunguka nayo na kutuma taarifa zao kwa laini ya simu. Na ni nani walioandika programu zake za ndani? Microsoft, Bill Gates mwenyewe akiwa mmoja wao, wakazienezesha zote kwenye kilobaiti 32 za ROM. Kampuni hiyo hiyo, enzi walipokuwa wanaogopa kupoteza hata baiti moja.

Wa pili ni Eee PC 701 ya Asus, mwaka 2007. Skrini ya inchi 7 ilikuwa mateso, kibodi ilitaka vidole vya mtoto, hifadhi ilikuwa GB 4 tu. Lakini Asus waliweka Linux ya Xandros iliyopunguzwa ikaenea humo, wakaacha tundu la kadi ya SD, na chini wakaweka kifuniko: unakifungua, unatoa RAM ya MB 512, unapachika kubwa. Hapo ndipo ulipo ufundi wa kompyuta ya bei nafuu. Ama unapunguza mfumo uenee kwenye hifadhi, ama unapanua hifadhi ili mfumo uenee. Asus hawakumiliki mfumo wala hawakutengeneza chipu, wakaweza. Microsoft wenye mashine na wenye mfumo hawakufanya lolote kati ya hayo mawili.

Hukumu yao waliiandika wenyewe. Tarehe 24 Juni 2021, hata miezi tisa haijatimia, walitangaza Windows 11. Kiwango cha chini kabisa cha kuiendesha: RAM GB 4, hifadhi GB 64. Someni tena namba hizo. Mashine iliyouzwa mpya Oktoba ilikuwa tayari imesimama ukingoni. Juni 2022 ikaja Laptop Go 2 ikianzia SSD ya GB 128, eMMC ikaondoka bila tanzia. Mwaka 2023 Laptop Go 3 ikaanzia GB 8 na GB 256, kwa dola 799. Kasoro ilipotibiwa, bei nafuu nayo ikafa. Hilo linawaambia kila kitu kuhusu ukweli wa ile 549.

Ninayasema haya sasa kwa sababu Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na wenye mashine hizi wanalazimika kuihamishia Windows 11 kwenye hifadhi isiyo na pa kupumulia. Mashine za namna hii huishia kwa wauza mitumba, zikiwa zimefutwa vumbi na bado zinavutia kwa sura. Ukikutana na Surface Laptop Go, usiulize bei kwanza. Fungua mipangilio, soma RAM, soma hifadhi, kisha jaribu kusajili alama ya kidole. Ikikosa sehemu hiyo, umeshajua umeshika toleo gani. Lenye GB 8 na SSD, kwa bei ya haki, chukua, bado ni mashine nzuri. Lenye GB 64, hata akikupunguzia nusu, mwachie.