Angstromu 6 Zilizotoka Kwenye Kelele

Kiolezo kile cha kutafutia protini kwenye taswira hakikupaswa kuguswa. Ndiyo hukumu yangu juu ya ramani ya protini ya bahasha ya VVU, iliyotengenezwa kwa darubini ya elektroni, ambayo Mao na wenzake waliichapisha katika jarida la PNAS mwaka 2013, wakidai angstromu 6. Uandaaji wa protini na ugandishaji wake sina neno nao.

Kosa liko kwenye kuchagua chembe, yaani picha za protini mojamoja ndani ya taswira. Taswira zilijaa kelele hata jicho halioni protini. Mwali wa elektroni wenye awamu zilizoshikamana hutupa nafasi ya kusogea mbali kidogo na fokasi ili chembe zijitokeze. Mtu makini hutulia hapo kwanza. Wao waliipa kompyuta kiolezo, iwatafutie kinachofanana nacho. Kompyuta haikatai. Kwenye bahari ya kelele hakukosekani vipande vinavyokaribia umbo lolote unalolitaka. Vipange kwa kiolezo hichohicho, chukua wastani, na kiolezo kitakurudia kikiwa kimevaa sura ya ugunduzi. Richard Henderson alilieleza wazi: taswira 1,000 za kelele tupu, zikipangwa kwa picha ya Einstein, huzaa Einstein. Van Heel na Subramaniam nao walipinga. Waandishi walijitetea, lakini swali lilikuwa chembe ziko wapi kwenye taswira ghafi, na hilo halijibiwi kwa hesabu za baadaye.

Wala mtu asiniletee mkunjo wa FSC (Fourier shell correlation), kipimo cha ubora wa ramani. Nimesema na nitarudia: FSC hupima nusu mbili za data zinavyokubaliana, haipimi ukweli. Nusu zote zikifuata kiolezo kimoja, hiyo ni kesi ya ngedere iliyopelekwa kwa nyani. Kubishania kizingiti cha 0.143 au 0.5 hapo ni kupoteza wino.

Kipimo kilikuwepo. Mwaka 2003 Rosenthal na Henderson walishatupa jaribio la jozi za mwinamo: piga chembe, inamisha sampuli kwa pembe unayoijua, piga tena. Programu isipokurudishia pembe ile, ramani yako haina msingi.

Linganisha na Henderson na Unwin, 1975. Walifika angstromu 7 kwenye utando wa zambarau, ambao protini zake hujipanga kama fuwele, kwa darubini ambayo leo tungeiita duni. Madoa ya mtawanyiko yalitoka kwenye fuwele yenyewe. Hayakuagizwa na yeyote. Vyanzo vya elektroni vimekuwa bora, subira imepungua.

Wahariri wadai taswira ghafi na jozi za mwinamo kabla ya kuchapa. Asiye nazo arudi kwenye darubini.